Mnana Hana Kwao Kwingine

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni yangu kuhusu jirani tusiyemjali, mnana wa Kilifi.

Ndege huyu mdogo mwenye tumbo la manjano hapatikani popote duniani ila katika kaunti yetu: msitu wa Arabuko-Sokoke, na misitu ya Dakatcha ng'ambo ya mto Sabaki. Hula wadudu juu ya miti ya mirihi. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1913, lakini hawakujua anakotaga mpaka 2013. Miaka 100! Kumbe minana walikuwa wakijenga viota vyao pamoja, kundi zima, katika kinamasi cha Dakatcha kinachojaa maji wakati wa mvua.

Wengi hudhani kwamba kulinda Arabuko-Sokoke kunatosha, maadam una askari wa misitu. Mimi nasema la. Kutaga kwa kundi ni kama kijiji kizima kulala nyumba moja. Kinamasi kimoja kikilimwa, wanaokosa makao si mume na mke tu, ni kijiji chote. Tena Dakatcha ni ardhi ya wenyeji, si msitu wa serikali, na huko shoka halilali. Miti hukatwa kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi.

Najua wapo watakaouliza, "Kwani mnana analiwa? Karo italipwa na ndege?" Jamani, swali hilo si la kuchekwa. Baadhi yetu tunasomeshwa na gunia la makaa. Lakini mirihi ikiisha, karo ya wadogo zetu itatoka wapi? Na anayemkataza mzazi makaa bila kumwonyesha kazi nyingine anapiga domo tu. Mizinga ya nyuki yahitaji miti iliyosimama, na asali ina wanunuzi.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, walimu wetu waturuhusu kupanda mivinje nyuma ya madarasa, ili jiko la shule lipate kuni zake. Pili, sisi tunaotoka huko tuzungumze na wazee wetu vinamasi viachwe bila kulimwa, hata mwaka wa kiangazi vinapoonekana kama shamba tupu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa kwa wiki moja. Mrihi je?

Mwanachama, Kidato cha Tatu