Kiberiti Si Tiba

Kuna ushauri unaotolewa kirahisi sana hapa Bariadi: mtoto akirundika takataka chumbani, msubiri aende shule, kisha zichome zote. Nimeusikia kwa majirani, kwa ndugu, hata kwa walimu. Naupinga.

Sizungumzii mtoto mvivu wa kufagia. Nazungumzia mtoto mwenye usonji, au yule ambaye akili yake haitulii sehemu moja, anayejaza kiroba visoda, betri zilizokufa za redio na karatasi za biskuti, na ukigusa kimoja tu analia kana kwamba umemng'oa jino. Si kila mtoto wa namna hiyo hurundika vitu, wala si kila anayekusanya ni mgonjwa. Lakini tatizo lipo. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua ulimbikizaji kuwa ugonjwa unaojitegemea, na Shirika la Afya Duniani likauingiza kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika 2022.

Tazama nyuma ya nyumba zetu: plau iliyovunjika, fremu ya baiskeli, magunia yaliyochanika tangu msimu wa pamba wa juzi. Baba akisema "itafaa siku moja", tunaitikia. Mtoto akisema hivyo kuhusu kisoda, tunanong'ona kuwa amerogwa. Na sisi wa Usukuma tunajua maneno hayo yanaishia wapi: vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Namfahamu kijana ambaye mjomba wake alimchomea kiroba. Siku hiyo chumba kilikuwa safi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amelimbikiza tena, safari hii ndani ya godoro, na hakutaka mtu aingie. Moto ulimfundisha kuficha tu.

Sisemi tuviache vyote. Betri huvuja, mabaki ya chakula huita panya, na panya huita nyoka. Vyenye hatari viondoke leo, mtoto akiwepo na akielezwa. Kwa vilivyobaki, mpe ndoo moja yenye mfuniko. Ikijaa, achague mwenyewe kipi kitoke ili kingine kiingie. Aanze na asichokipenda sana. Asichekwe mbele ya wenzake.

Ni kazi ya miezi, na kwa kuwa mtaalamu wa akili za watoto huku ni wa kutafutwa kwa tochi, itafanywa na mama, shangazi na bibi. Anayewashauri wachome atalala kwake usiku huo. Wao ndio watakaobaki na mtoto.