MAFUTA YANAISHA, UNAMSHUTUMU NANI?

Mwezi huu naomba nianze kwa kujisema mwenyewe, maana kila mwezi nawasema wenzangu na si haki mtu kuwa hakimu siku zote.

Nyumbani kwetu Tabata tuna skuta moja ya cc 125. Si ya mashauzi. Ndiyo inayompeleka baba watoto kazini mjini, ndiyo inayomfikisha mtoto shule, na Jumamosi naichukua mimi kwenda sokoni na saluni. Kwa siku inatembea kama kilomita 30. Miaka miwili tulizoea hesabu ile ile: lita nne na nusu kwa wiki, basi. Hela ya mafuta inatoka kwenye bajeti ya nyumbani, na mshika bajeti ni mimi.

Wiki moja, Alhamisi, baba watoto akaniambia mafuta yamekwisha. Nikampa hela nyingine. Wiki iliyofuata, Alhamisi tena. Ya tatu, vile vile. Nikapiga hesabu na kukuta tunatumia lita saba na nusu, yaani lita tatu zaidi kila wiki. Zinakwenda wapi? Skuta haina miguu ya kujipeleka yenyewe! Nikaona jibu ninalo tayari: kuna nyumba ndogo mahali, na mimi ndiye ninayelipa nauli.

Nilipomsimulia shoga yangu mmoja, badala ya kunituliza akanipa mifano. "Mwenzangu, wa kwangu alianza hivyo hivyo." Basi tena, nikafunga mkono. Nikamwambia mzee hela ni ya lita nne na nusu tu, zikiisha atajua mwenyewe.

Ijumaa ile akaingia saa nne usiku, shati limelowa jasho, anaisukuma skuta. Alisema mafuta yalimwishia Buguruni na mfukoni alikuwa na shilingi mia tano. Unajua nilimjibu nini? "Huko ulikotoka hawauzi mafuta?" Hakunijibu. Akaoga, akalala kwenye kochi. Tukakaa siku mbili bila kusemeshana, watoto wanatuangalia tu.

SWALI MOJA LA MDOGO WANGU

Jumapili mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi pikipiki, akaja kula mchana. Akakuta nyumba imenuna. Nikamvuta jikoni nikammwagia yote, nikitegemea atanionea huruma. Wee! Akaniuliza swali moja tu: "Dada, imetembea kilomita ngapi?"

Sikujua. Mimi nilikuwa nahesabu lita, kilomita sikuwahi kuzitazama hata siku moja.

Akanieleza taratibu kama mtoto wa chekechea. Mtu akiwa anazunguka anakokujua mwenyewe, kilomita zinaongezeka. Mafuta yataisha mapema, ni kweli, lakini kila lita itaendelea kwenda mbali kama zamani. Ila kama kilomita ni zile zile na mafuta yanazidi, mgonjwa ni skuta. "Shemeji utakuwa unamsingizia bure," akasema.

Tukaenda kumuuliza shemeji mtu. Akatoa simu na kutuonyesha: kila alipojaza mafuta aliandika kilomita. Wiki ya kabla ya matatizo, Jumatatu mpaka Jumamosi, kilomita 179. Wiki hii, 181. Nikaishiwa nguvu. Halafu nikajiuliza, alikuwa anaziandika za nini? Akainamisha kichwa. Kumbe na yeye alikuwa ananipima mimi! Alidhani Jumamosi nikiaga naenda saluni napitia kwingine. Yaani watu wawili chini ya paa moja, kila mmoja anamvizia mwenzie, na mwizi ameegeshwa nje uani.

PIMA KWANZA

Mdogo wangu hakugusa spana kabla ya kuhakikisha mita yenyewe haidanganyi. Aliendesha kilomita tano huku akilinganisha na ramani ya simu. Zikalingana. Usiidharau hatua hii, maana kwenye skuta ambayo mita yake inaendeshwa na waya kutoka gurudumu la mbele, waya ukianza kuteleza mita inahesabu pungufu. Utaona mafuta yanaliwa kumbe kilomita ndizo zinazopotea.

Kupima ni rahisi. Jaza tenki mpaka alama, andika kilomita. Tembea siku tatu nne kama kawaida. Rudi sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile, jaza mpaka alama ile ile. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita ulizojaza. Yetu zamani ilikuwa kilomita 180 kwa lita 4.5, yaani 40 kwa lita. Sasa zile zile 180 zilitaka lita 7.5, yaani 24 kwa lita. Hapo huhitaji mganga.

Ukiwa na wasiwasi na sheli yenyewe, jaza sheli nyingine mara mbili na ulinganishe. Hapa Tanzania pampu za mafuta zinakaguliwa na Wakala wa Vipimo, na iliyohakikiwa hubandikwa stika. Iangalie, na udai risiti yako.

GHAFLA AU POLEPOLE?

Hili ndilo swali la pili. Mafuta yakiongezeka kidogo kidogo kwa miezi, fikiria uchakavu: chujio la hewa limejaa vumbi, plagi imezeeka, mkanda wa kuendeshea gurudumu la nyuma umelika. Mkanda ukichoka utasikia injini inapiga kelele nyingi lakini mwendo hauji.

Yakiongezeka ghafla, ndani ya wiki moja, jiulize nini kilibadilika wiki ile. Umebadilisha tairi? Umekaza breki? Umeanza kubeba mzigo? Ilipelekwa gereji? Baba watoto akakumbuka: Jumamosi ya kabla ya ile Alhamisi ya kwanza, skuta ilifanyiwa sevisi na kabureta likaoshwa. Mdogo wangu akatabasamu, ila hakurukia kabureta. Alianza na vitu vya bure, na wewe fanya hivyo hivyo.

Kwanza upepo wa matairi. Tairi laini linaifanya injini ivute mzigo ambao haupo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha skuta au kwenye stika yake. Pima asubuhi kabla hujatembea.

Pili, breki. Simamisha skuta kwa stendi ya kati, injini imezimwa, uzungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma au likisimama haraka, breki inashika wakati hujaibonyeza. Dalili nyingine ni joto: ukitoka safari fupi ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu bila kugusa. Kikiwaka moto kuliko kile kingine, umemkamata.

Tatu, uvujaji. Asubuhi chungulia chini ya skuta uone kama kuna tone, na unuse karibu na mpira wa petroli. Kiberiti na sigara viwe mbali! Angalia na oili. Ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, mafuta yanapenya mpaka ndani ya injini. Usiiwashe, ita fundi.

Yetu ilipita mitihani yote mitatu.

PLAGI IKASEMA

Injini ilipopoa, mdogo wangu akafungua plagi. Plagi ya injini yenye afya ncha yake huwa na rangi ya kahawia nyepesi, kama biskuti. Yetu ilikuwa nyeusi ti, ina masizi makavu kama sufuria ya kuni. Maana yake petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Akafungua chujio la hewa, likawa safi. (Kwa faida yako: la sponji linaoshwa, la karatasi linabadilishwa.) Kama hewa haijazibwa, basi petroli ndiyo imezidi.

Hapo tukakumbuka mambo tuliyokuwa tunayaona na kuyapuuza. Asubuhi ilikuwa inawaka vizuri, ila ikishapata moto inatetemeka, na ukiizima sokoni inasumbua kuwaka. Na bomba la moshi lilinuka petroli. Hata mashati ya baba watoto yalinuka. Mimi nilikuwa nayanusa nikitafuta manukato ya mwanamke, petroli niliyokuwa naisikia sikuifikiria kabisa.

Akainua kiti, akachungulia kabureta, akacheka. Waya mdogo unaning'inia, haujachomekwa popote. Ni waya wa choki.

Skuta nyingi za kabureta zina choki inayojiendesha yenyewe. Injini ikiwa ya baridi, choki inaachia petroli ya ziada ili iwake. Umeme ukipita kwenye kile kifaa kinapata moto, na baada ya dakika chache kijisindano cha ndani kinashuka na kuziba njia ile. Waya usipochomekwa kifaa hakipati umeme, njia inabaki wazi, na skuta inakunywa kama asubuhi ya baridi kutwa nzima. Fundi aliyeosha kabureta alisahau kuurudishia. Na gereji hiyo hiyo, baba watoto alipokwenda kulalamika, walitaka kumuuzia kabureta jipya!

Tukachomeka waya. Tukanunua plagi mpya. Wiki iliyofuata tukapima: kilomita 39 kwa lita.

Kama skuta yako ni ya kisasa ya injekta, haina kabureta wala choki ya aina hii. Lakini ugonjwa unafanana: kihisi kinachopima joto la injini kikiharibika, kinaweza kuidanganya injini kwamba bado ni ya baridi, na petroli inamwagwa nyingi. Angalia taa ya injini kwenye dashibodi. Ikibaki inawaka au kupepesa ukiwa unatembea, tafuta fundi mwenye ujuzi wa injekta. Na kwa skuta yoyote, usimkubalie fundi anayeanza kuzungusha skrubu kabla hajakuuliza lolote.

YALIYOBAKI YA NDANI

Skuta ilipona kwa dakika mbili. Sisi tulichukua muda zaidi. Nilimwomba radhi mume wangu mbele ya mdogo wangu, maana nilimdhania vibaya mbele ya watu. Na yeye akaniomba radhi kwa zile Jumamosi. Lakini kile kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni safari ile ya Buguruni hadi Tabata usiku, mtu anasukuma chuma kwa sababu mkewe amekata hela bila kuuliza swali hata moja. Akaniambia kusukuma hakukumchosha kama lile jibu nililompa mlangoni.

Siku hizi chini ya kiti tuna kidaftari. Anayejaza mafuta anaandika tarehe, lita na kilomita, na kila mmoja anaruhusiwa kusoma. Hela ya dharura ya lita moja inakaa humo humo.

Sisemi wanaume wote ni malaika, msinielewe vibaya. Kilomita zikiongezeka bila maelezo, hiyo ni mada nyingine na tutaiongea siku yake. Lakini kama kilomita ni zile zile, dada yangu, acha kunusa mashati. Inua kiti uangalie waya.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.