Usilizibe Gari Mdomo

Kuna ushauri unaozunguka mitaa ya Kitengela kama vumbi la kiangazi: gari likianza kupiga kelele, nunua kopo la povu. Lile povu la hadwea, la kujazia pengo kati ya fremu ya dirisha na ukuta. Unaingiza mrija, unapuliza, linafura, kelele zinaisha. Sitazunguka: huo ni ushauri mbaya, na anayekufanyia kazi hiyo kwa pesa anakuuzia hatari. Najua kwa sababu niliufuata.

Gari langu ni kama la wengi wetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hivyo magari mengi ya mtumba kutoka Japani hufika Mombasa yakiwa yamekaribia umri huo. Langu nililipata baada ya watu wengine wawili kulichosha. Kisha nikalileta kwenye barabara za mtaa wetu, ambako udongo mweusi hupasuka wakati wa jua na kugeuka uji mvua ikinyesha. Kila asubuhi, kutoka getini hadi lami ya barabara ya Namanga, lililia: tak, tak, tak upande wa kushoto mbele, na mlango nao ukiitikia.

Jirani akaniambia, "Buda, usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali tamu. Nikanunua kopo kwa shilingi 850, nikaingiza mrija kwenye matundu ya chini ya mlango na ya ile boriti ya bati iliyo chini ya milango, nikapuliza mpaka povu likatokeza nje. Kesho yake nikalikata kwa kisu. Kimya! Nilijiona kama nimenunua gari jipya. Nikaanza hata kupanga bei ya kuliuza.

Yale matundu, kumbe, ni ya kutoa maji. Mvua hupenya kwenye mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango na kutokea chini. Mvua za Aprili zilipofika, mlango wangu ukawa mtungi. Nikiufunga kwa nguvu, nasikia maji yakicheza ndani. Kioo nacho kikagoma katikati. Lakini hayo ni ya kucheka.

Yasiyo ya kucheka yalitokea siku nilipompeleka mama Kajiado mjini. Ni kilomita zipatazo 50 kutoka Kitengela, unapita Isinya, na njia nzima uko katikati ya malori yanayoelekea mpakani. Tulienda kwa kilomita 90 kwa saa, mama akisinzia, mimi nikifurahia ukimya wangu. Tukafika mjini, nikakata kona kuingia barabara ya vumbi, nikapanda tuta, na tairi la kushoto la mbele likalala ubavu kama mguu uliovunjika. Gari likapiga goti. Mama akafungua macho, akauliza, "Tumefika?"

Dakika kumi kabla ya hapo, tulikuwa tunalipita lori la saruji.

Fundi aliyekuja alilala chini ya gari, akatoka akiwa na kipande cha chuma mkononi. "Boljointi imechomoka. Hii haiishi siku moja, kijana. Imekugongea miezi. Kwani hukusikia?" Nikamwonyesha povu. Hakucheka. "Kwa hivyo gari ilikuwa inakuambia, ukaiziba mdomo."

Ndivyo ilivyokuwa. Ule mlio sikuuponya. Niliuzuia tu usifike masikioni mwangu, na chuma kikaendelea kulika.

Povu la kopo ni dawa ya ukuta. Ni poliyurethani inayosukumwa na gesi inayoshika moto, na hufyonza unyevu ili igande. Likigandia ndani ya bati, maji hunaswa kati yake na chuma, na kutu hula mahali usipopaona. Siku ukitaka kuchomelea hapo, fundi mwenye akili atakataa, maana povu hilo likiungua hutoa moshi wa sumu. Na ndani ya nguzo za pembeni mnapita nyaya na vifaa vya mikanda ya usalama, na katika magari mengi juu yake kuna mifuko ya hewa. Ukipuliza huko, hujui unaziba nini.

Mtu ataniambia viwanda vyenyewe hutumia povu. Kweli, baadhi huliweka ndani ya bodi kupunguza sauti. Lakini ni aina iliyotengenezewa kazi hiyo, huwekwa mahali palipopimwa, na njia za maji huachwa wazi. Hiyo si kazi ya mimi na kopo saa moja jioni, nikimulika kwa simu.

Mwingine atasema pesa hakuna. Hata kwangu hakuna. Lakini boljointi ilinigharimu shilingi 2,500 na ufundi 1,000. Fenda iliyokunjika, kioo na kuchokora povu mlangoni zilikula zaidi ya 20,000. Rahisi ni ipi?

Ukweli ni kwamba hatutaki kumlipa fundi kwa kusikiliza. Akibadilisha kitu, tunalipa. Akitumia saa nzima akizungusha gari mtaani na kutingisha matairi, kisha akakuta ni klipu moja ya plastiki, tunasema hajafanya kazi. Ndiyo maana kopo linashinda: lina bei, na kazi yake inaonekana papo hapo.

Mlio una anwani, na kuitafuta si uchawi. Mpe rafiki usukani, wewe usikilize. Toa jeki na spea kwenye buti, mwendeshe tena. Bonyeza dashibodi, ikinyamaza, hiyo ni plastiki, na klipu mpya au kipande cha kitambaa kinatosha. Lakini kama mlio unatoka chini, na unakuja kwenye mashimo na matuta, usingoje mwisho wa mwezi. Gari liinuliwe, bushi, linki, shoki na boljointi zikaguliwe moja moja. Na mlipe huyo fundi hata kama hakuuzia kitu.

Sasa wewe unayepuliza povu ili uuze. Nakuelewa, kwa sababu bei ya kuuza nilikuwa nimeshaipanga. Laiti lile tairi lingengoja wiki mbili zaidi, kijana mwingine angelijaribu gari langu kwenye lami, asisikie kitu, alipe, kisha ampeleke mama yake Kajiado. Mimi ningekuwa nyumbani nahesabu pesa. Usiite huo ujanja wa mjini. Ni kumficha mtu hatari iliyo chini ya miguu yake.

Jirani alinipa methali isiyofaa. Ya kwangu ilikuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hata muashi akiuona ufa ukutani, huangalia msingi kwanza ndipo achukue mwiko.

Gari bado ninalo. Nimezibua matundu yote, na mlango umerudia kuitikia. Kila tukivuka tuta mama huuliza, "Hiyo ni nini?" Ni klipu ya mlango, mama. Na ile nyingine? Hiyo sijui bado. Kesho naipeleka kwa fundi.