Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Amepona?

Ndugu Wanachama,

Mwaka unafunga mlango, na desturi yetu katika jarida hili ni kuhesabu tulichovuna kabla ya kushika jembe la mwaka mwingine. Habari za karafuu na makonyo zina kurasa zake. Hapa twataka kusema juu ya zao jingine, ambalo hatukulipanda sisi lakini limeota mlangoni petu. Zao hilo ni wageni wasafiri.

Kwanza hesabu. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Zanzibar ilipokea wageni 260,644 tu. Mwaka 2023 walifika 638,498, na mwaka 2024 wakapita 736,000. Tanzania nzima, mwaka huo wa 2024, ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 2. Ni nani kati yetu aliyepata kuona shamba la mikarafuu likizidisha mavuno yake karibu mara tatu kwa muda wa miaka minne?

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, tena kwa wingi. Basi hatuna budi kuuliza sehemu ya pili ya methali: mwenyeji amepona?

Katika karafuu swali hili tumelizoea. Mwaka 2011 bei ya kilo ya daraja la kwanza ilipopandishwa na Shirika la Biashara la Taifa hadi shilingi 15,000, jambo lililozungumzwa kila baraza lilikuwa fungu la mkulima. Kila mmoja wetu alijua kutaja asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na kila mmoja alikuwa tayari kuidai. Lakini mgeni anapoingizwa katika shamba la mwanachama, akanusa karafuu, akapigwa picha chini ya mkarafuu uliopandwa na babu yake mwenye shamba, ni nani kati yetu ajuaye fungu la mwenye shamba? Mgeni amekwisha kulipa hotelini, au kwa simu tangu yuko kwao Ulaya. Mwenye shamba hupewa bakhshishi, naye hushukuru. Bakhshishi si bei. Bakhshishi hutolewa kwa hiari ya mtoaji, na bei huwekwa kwa mapatano ya wawili.

Mwaka huu wanachama wetu watatu walikwenda kuwatembelea wakulima wa kahawa wa nchi ya Mbinga, wakateremka mpaka Kingerikiti na pwani ya Ziwa Nyasa. Wengine wetu waliuliza, kuna faida gani mtu wa karafuu kwenda mbali namna ile, kilomita zaidi ya 900 kutoka Dar es Salaam hadi Songea, kisha kama 100 hadi Mbinga, na bado hajaona ziwa? Faida tumeiona katika habari walizotuletea.

Kingerikiti imo katika wilaya ya Nyasa, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga. Wageni wa nje bado ni wachache huko. Lakini njia zimekwisha fika kabla yao. Barabara ya lami ya kilomita 66 sasa inatoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, na ziwani meli ya MV Mbeya II ya kuchukua abiria ilizinduliwa mwaka 2021. Vya kumwonyesha mgeni havikosekani. Ziwa lenyewe lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na wengi wao wana rangi kama za kanga mpya. Liuli ndipo Waingereza, mwezi Agosti 1914, walipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Na Songea, njiani, kuna makumbusho ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwezi Februari 1906.

Kwa maneno mengine, Kingerikiti leo imesimama pale ambapo vijiji vyetu vya pwani vilisimama zamani, njia imefunguka na mgeni hajajaa. Wao wana nafasi ya kupatana kabla. Sisi twapatana baada ya kuchelewa, lakini kuchelewa si kukosa.

Jambo lililowashangaza sana wenzetu si ziwa, ni ngoro. Wamatengo hulima juu ya milima mikali ambako mvua ingechukua udongo wote. Hukata majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, huyafukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni yakanywewa na ardhi, wala hayakimbii bondeni. Wamelima hivyo tangu enzi za mababu, na mlima ungali na rutuba yake.

Fedha ya mgeni nayo ni mvua ya mlimani. Hunyesha kwa nguvu, na pasipo shimo la kuizuia huteremka mpaka kwa mwenye hoteli, mwenye ndege na mwenye mtandao wa kuuzia vyumba. Kijiji hubaki na matope. Kazi ya chama ni kuchimba ngoro.

Sasa mambo yajayo. Wasafiri wengi hawatosheki tena na kulala ufukoni. Wataka kuona kazi, kula chakula cha nyumbani, na kujua jina la aliyewapikia. Chumba wakitafuta kwa simu, na sifa au lawama wakiziandika kwa simu, dunia nzima ikasoma. Tena mashindano ya soka ya Afrika ya mwaka 2027 yamepewa Tanzania, Kenya na Uganda, na wageni wake wengi watakuwa Waafrika wenzetu wenye kutaka malazi ya bei nafuu.

Twajua wako wanachama wasemao kwamba utalii unatunyang'anya wachumaji. Ni kweli. Miezi ya kuchuma karafuu na miezi ya wageni wengi hugongana, na kijana huona heri kubeba sinia Nungwi au Paje kuliko kupanda mkarafuu. Wako pia waogopao mwenendo wa wageni mbele ya watoto wetu, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kufunga mlango hakutamrudisha kijana shambani. Atakalolirudia ni shamba lenye malipo mawili, la karafuu na la mgeni. Na mgeni aingiaye kwa masharti ya mwenyeji, akaelezwa mavazi na adabu ya kijiji, huheshimu kuliko yule aliyeletwa na mtu asiyetujua.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu ujao. Kwanza, bei moja ya kuingia shamba la mwanachama yeyote, iliyoandikwa, na yenye stakabadhi ya chama. Pili, orodha ya wanachama wenye chumba safi, choo kizuri na chandarua, walio tayari kulaza wageni kwa kufuata sheria za serikali. Tatu, fungu dogo la kila stakabadhi liwekwe kwa ajili ya miche, maana mkarafuu ukifa, mgeni naye hana cha kuja kutazama.

Njooni mkutanoni na mawazo yenu, hata yenye kupinga. Twawatakia mwaka wa heri na mavuno mema, Inshallah.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama