Treni Inayolala Mchana



Kila alfajiri ya siku ya kazi, treni kutoka Ruiru hupita Githurai na Dandora ikiwa imesheheni watu. Ikisha kuwashusha mjini, husogezwa kando yadini, ikakaa huko hadi jioni. Kwa sehemu kubwa, huo ndio mpango wa reli ya abiria ya Nairobi: asubuhi kuingia, jioni kutoka. Aliyefagia ofisi usiku kucha, au mama aliyenunua mboga Muthurwa na kutaka kuziwahisha kibandani, hana treni. Atafute matatu, na alipe nauli ipandayo mvua inyeshapo.

Tukiuliza, wakubwa hujibu kwamba mchana hakuna abiria. Jawabu gani hili? Mwenye duka afunge mlango, kisha alalamike kwamba wateja hawaingii!

Sababu ya kweli iko chini ya magurudumu. Sehemu kubwa ya njia hizi ni reli moja tu, ya upana ule ule wa mita moja walioufikisha Waingereza hapa mwaka 1899. Treni mbili haziwezi kukutana ila penye njia ya kupishana. Tena treni inayovutwa na kichwa haigeuzi safari mpaka kichwa kifunguliwe, kizungushwe kwa njia ya pembeni, kifungwe upande wa pili. Yadi ikisongamana, kila kitu hukwama. Lakini mwaka 2020 serikali ilileta treni za dizeli zilizokwisha kutumika Uhispania. (Mitumba, naam, sisi tuvaao mitumba hatuna haya.) Hizo zina chumba cha dereva huku na huku: dereva huhama upande, akaondoka. Kisingizio cha kichwa kimekufa. Zimebaki njia za kupishana, na nia.

Mimi ni wakili, si mhandisi. Ila Katiba ya 2010 naijua. Kifungu cha 201 chataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Basi watuonyeshe ramani ya yadi, mahali pa njia za kupishana na ratiba ya mchana kutwa, kabla kandarasi haijatiwa sahihi gizani. Ombi hilo halihitaji wakili. Kamati ya haki na amani ya parokia yoyote yaweza kuliandika Jumapili baada ya ibada, na kulipeleka Jumatatu kwa treni ya asubuhi. Kurudi saa nne, watembee.