Kupinga kwa Staha katika Kiingereza cha Shule

Kila nisikilizapo mdahalo wa Kiingereza katika shule za sekondari za Sumbawanga, hustaajabu kumwona kijana ambaye mbele ya wazee wake hathubutu kumkatiza mtu kauli, akisimama jukwaani na kwisha kuwataja kwa taadhima mwenyekiti, katibu na mtunza saa, akifyatua sentensi aliyoihifadhi tangu kidato cha kwanza: “I strongly oppose the motion.”

Sentensi hiyo si kosa, maana mdahalo una kanuni zake. Ila kijana huyo huyo, akipata ajira, ataichukua hadi ofisini, na mgeni aliyetoa rai njema juu ya bei ya mahindi atadhani ametukanwa, kwani Waingereza wenyewe aghalabu hutanguliza kukubali ndipo wakatae, wakisema “I see your point, but…”, na wakiwa na shauri huliuliza, “Why don’t we…?”, ili mwenzao abakiwe na nafasi ya kulikataa bila kuvunjiwa heshima. Adabu hiyo si ngeni Ufipa, iliko Sumbawanga, ambako mazungumzo ya wazee huenda kwa kuitikiana.

Maadamu Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari, naona walimu wangefanya vyema kutenga kipindi ambamo wanafunzi wawili, wameketi badala ya kusimama, washauriane kwa lugha hiyo kama shamba la shule lipandwe mahindi au alizeti, pasipo mshindi wala kengele ya mtunza saa.