Mwanao anakwenda chuo? Zungumza naye kuhusu barua pepe ya chuo

Wazazi wenzangu, msimu wa vyuo kufunguliwa unajulikana majumbani. Mama ananunua ndoo na shuka, baba anahangaika na ada na nauli, bibi anatoa nasaha kuhusu marafiki wabaya. Mtoto anafungashiwa kila kitu, kuanzia godoro hadi sabuni ya kufulia. Kuna kitu kimoja ambacho hakimo kwenye orodha hiyo kwa sababu atapewa hukohuko chuoni, nacho ni akaunti ya barua pepe ya mwanafunzi.

Wengi wetu tunaichukulia kama namba nyingine tu ya usajili. Lakini kupitia akaunti hiyo chuo kinaweza kumtumia ratiba, taarifa za ada, maelekezo ya mitihani na matangazo ya kwenda kusaini fedha za kujikimu, zile wenyewe wanazoziita bumu. Mara nyingi ndiyo hutumika pia kubadilisha neno la siri la mifumo mingine ya chuo pale anapolisahau. Maana yake, atakayeingia kwenye barua pepe ya mwanao ameshika ufunguo wa milango mingi. Matapeli wanalijua hilo.

Sote tunaujua ule ujumbe wa simu wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Utapeli wa barua pepe ni ndugu yake, ila huu umevaa suti. Unakuja na nembo ya chuo na lugha ya kiofisi: “Akaunti yako imejaa, bonyeza hapa ndani ya saa 24 la sivyo itafungwa.” Au: “Umechaguliwa kupata ufadhili wa masomo nje ya nchi, lipia kwanza gharama za kushughulikia fomu.” Kijana wa mwaka wa kwanza, mgeni na mwenye hofu ya kukosea, anabonyeza linki, anaandika neno lake la siri kwenye ukurasa unaofanana na wa chuo, na hapo kazi ya tapeli imekwisha.

Mfundishe mwanao kusoma anwani ya mtumaji kuanzia mwisho. Anwani za vyuo vya hapa nchini kwa kawaida huishia na .ac.tz. Tuseme anwani za chuo chake huishia na jinalachuo.ac.tz. Tapeli anaweza kutumia jinalachuo-ac-tz.com. Ukitazama haraka utaona zinafanana, lakini mwisho wa hii ya pili ni .com, na hiyo si ya chuo. Hata hivyo, anwani sahihi nayo isimlevye, maana inaweza kuwa ya mwanafunzi mwenzake ambaye akaunti yake imeshatekwa. Barua yoyote inayodai neno la siri au pesa, aifunge, kisha aende kwa miguu ofisini kuuliza. Kitengo cha TEHAMA hakina sababu ya kumuuliza neno lake la siri.

Eneo jingine la hatari ni steshenari. Mwanafunzi anataka kuprinti kazi ya mhadhiri, anafungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya dukani, anaprinti, analipa na kuondoka mbio kuwahi darasani. Akaunti imebaki wazi. Pengine kompyuta imemuuliza kama ihifadhi neno la siri naye akakubali bila kusoma. Atakayekaa kwenye kiti kile baada yake ataona kila kitu. Dawa yake ni ndogo: aende na kazi yake kwenye flashi. Akilazimika kufungua akaunti, asikubali neno la siri lihifadhiwe, na ahakikishe ametoka kabisa kwenye akaunti kabla hajalipa.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi wenyewe. Baadhi ya wazazi hudai neno la siri la mtoto ili waone matokeo. Nia ni njema, lakini tunamfundisha kwamba mtu mwenye mamlaka au anayempenda ana haki ya kupewa ufunguo. Kesho atampa mchumba kama ushahidi wa mapenzi, na keshokutwa rafiki wa kundi ili amkusanyie kazi. Uchumba ukivunjika au urafiki ukichacha, ufunguo bado uko nje. Ukitaka kuona matokeo, kaeni pamoja akufungulie mwenyewe. Nawe ukipata ujumbe wa “Shikamoo baba, simu imeharibika, tuma ada kwenye namba hii,” hata ukitoka kwenye barua pepe yake, mpigie kwanza usikie sauti yake. Ada ya chuo hulipwa kwa utaratibu wa chuo, si kwenye laini ya mtu.

Upande wa pili ni wajibu. Akaunti ile imetolewa na chuo, na kila anachotuma kinabeba jina la chuo. Si mahali pa kuuzia viatu, kusambazia uvumi wala kutukania watu. Anapomwandikia mhadhiri, asalimie, ataje jina lake, namba ya usajili na shida yake kwa sentensi chache. Kabla ya kujibu barua iliyotumwa kwa darasa zima, aangalie kama jibu lake litamfikia mmoja au watu mia tatu. Ajue pia kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuingia kwenye akaunti ya mwenzako bila ruhusa ni kosa la jinai, hata kama ulitaka tu “kumtania”.

Kinga zenyewe hazina gharama. Neno la siri liwe refu, lisiwe jina lake na mwaka wa kuzaliwa, na lisiwe lilelile analotumia kwenye mitandao ya kijamii. Kama chuo kinaruhusu uthibitisho wa hatua mbili, auwashe, na zile namba zinazokuja kwenye simu asimsomee mtu yeyote. Akibadilisha laini ya simu, abadilishe na namba iliyo kwenye akaunti, kwa sababu laini iliyotelekezwa hufungwa na baadaye anaweza kupewa mtu mwingine.

Akiona ameshaingiliwa, asikae kimya kwa aibu. Kwa kutumia kifaa kingine salama, abadilishe neno la siri, aiondoe akaunti kwenye vifaa vyote, na akague kama mwizi ameacha agizo la kujipelekea nakala za barua zake. Kisha atoe taarifa TEHAMA, kwa wenzake na nyumbani. Kama pesa imeshatumwa, awahi kampuni ya simu na polisi. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwenye simu utumwe kwenda 15040. Hapa ndipo malezi yanapopimwa: mtoto anayejua kwamba nyumbani atasikilizwa kabla ya kufokewa, atasema mapema.

Mwisho, mkumbushe kwamba akaunti ile ni ya kupanga, si nyumba yake. Akishahitimu chuo kinaweza kuifunga. Kwa hiyo benki, maombi ya kazi na mawasiliano na Bodi ya Mikopo, ambayo ataendelea nayo miaka mingi ya kurejesha mkopo, yawe kwenye barua pepe yake binafsi. Na kabla ya kuondoka chuoni ahamishe nyaraka zake zote muhimu.

Mazungumzo haya hayazidi nusu saa. Yafanyeni jioni moja kabla begi halijafungwa.

Tukutane wiki ijayo.